Harry Thuku: Adui wa shokoa aliyezeeka akivuna buni

Wengi humkumbuka Harry Thuku kwa barabara iliyopewa jina lake jijini Nairobi na kwa risasi za Machi 1922. Husahaulika kwamba ugomvi wake na wakoloni ulianzia shambani: nani alime, alimie nani, na nani ale.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 kijijini Kambui, Kiambu, si mbali na Ruiru na Thika. Wamisheni walimfunza kusoma, akafungwa miaka miwili kwa kughushi hundi, kisha akaajiriwa kupanga herufi katika gazeti la walowezi, Leader. (Sisi wa kazi hii twajua kwamba mpanga herufi husoma kila neno, hata lile asilokusudiwa.) Baadaye alihudumu kama mpokea simu katika Hazina.

Mwaka wa 1918 mvua zilikosekana, na njaa pamoja na homa kali zikaua umati wa watu katika nchi ya Agikuyu. Hata hivyo mibuni ya walowezi wa Thika na Ruiru ilihitaji mikono, na buni ikiiva haingoji. Machifu walishurutishwa kutafuta vibarua. Wanawake na wasichana wakang'olewa kwenye mahindi na maharagwe yao wakachume buni ya mzungu. Kodi ya nyumba ilipanda. Mwaka wa 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, na kibarua akawa hana nafasi ya kulima chakula wala fedha za kukinunua.

Mwaka huo Thuku aliunda East African Association kupinga shokoa, kipande na kodi. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu vingi zaidi. Miongoni mwa waliouawa ni Muthoni Nyanjiru, aliyewatangulia akina mama kuwakabili askari.

Thuku alihamishiwa Kismayu, hatimaye Marsabit, asirudi kwao kwa karibu miaka tisa. Aliporejea alikuwa mtu mwingine. Alifarakana na wenzake katika siasa na kuipinga Mau Mau hadharani, jambo ambalo wengi hawakumsamehe, na sidhani lafaa kufichwa.

Akageukia kilimo cha zao lile lile. Mwafrika wa Kiambu alizuiliwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1950. Mwaka wa 1959 Thuku akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Ruiru tayari ilikuwa na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa mwaka wa 1944, ambacho mwaka wa 1985 kilitoa Ruiru 11, mbuni unaostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Thuku hakuiona. Alifariki Juni 14, 1970. Sehemu kubwa ya mibuni iliyowatesa akina mama wa enzi zake imeng'olewa kupisha nyumba za kupangisha, na wapangaji wake hupikia ugali unga wa mahindi yaliyolimwa mbali.