Khabari za Tharia Topan na Nyumba ya Wagonjwa ya Unguja

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa pwani, nanyi mliohamia hapa Bendera chini ya milima ya Upare: mgeni akiugua hana mama wa kumuuguza, na mkewe akishikwa na uchungu hana shangazi wa kumwitia mkunga. Kwa hiyo tumependa kuwaeleza khabari za mtu aliyeanza ugenini, akatajirika, asiwasahau wagonjwa.

Tharia Topan alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Lakhpat, nchi ya Kutch, Bara Hindi. Alifika Unguja angali mtoto. Alikuwa Khoja wa Kiismailia, si wa madhehebu yetu. Lakini mtenda kheri hutajwa kwa kheri yake. Akafanya biashara ya pembe, akawakopesha wenye misafara ya bara, akiwamo Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Mwaka 1876, zama za Seyyid Barghash, akashika ushuru wa forodha. Mwisho Malkia Victoria wa Uingereza akampa cheo cha Sir.

Unguja zama hizo ilijaa wageni. Kila kaskazi majahazi yalishusha Wahindi, Washihiri na Waarabu wa Omani. Wake zao walizaa nyumbani mikononi mwa wakunga, na matabibu wa hospitali walikuwa wachache mno. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka nchi ya Wamasai hata Pangani, kikavuka Unguja, kikaua maelfu ya watu mpaka 1870. Hakikuuliza nani mwenyeji, nani mgeni.

Mwaka 1887 Topan akaanza kujenga nyumba ya kutibia maskini huko Mizingani, mbele ya bahari, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Lakini ajali haingoji fundi. Mwaka 1891 akafariki Bombay, na kazi haijesha. Mjane wake akaishika, jengo likatimia mwaka 1894. Hata hivyo, mwaka 1900 likauzwa. Aliyelinunua, tajiri Haji Nasser Nurmohamed, akaweka zahanati chini na wapangaji juu. Basi maskini wakapata dawa hapo, lakini kwa mkono wa mtu mwingine. Baada ya mapinduzi ya 1964 jengo likachakaa, likatengenezwa tena miaka ya 1990.

Zingatieni, ndugu zangu. Hatumlaumu maiti, nia yake iko kwa Mola wake. Lakini kitu kilichofungwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi nia ya moyoni peke yake haifungi wakfu, lazima tamko. Na mwenye kungoja hata maradhi ya mauti, sadaka yake haivuki theluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi.

Basi mwenye chumba au kiwanja, naye ataka wake wa wageni wapate mahali pa kuzalia, atamke leo, angali mzima: nimekiweka wakfu. Ataje wa kunufaika, aweke msimamizi mwaminifu, aandike mbele ya mashahidi. Asiseme nitajenga kwanza kisha nitatamka, kwani huenda jengo likesha naye hayupo.

Mwenyezi Mungu atujaalie sadaka isiyokatika. Amin.