Habib Swaleh, Mwalimu wa Wasio na Kitu

Kila uandamapo mwezi wa Mfungo Sita, watu humiminika Lamu kwa maulidi ya Riyadha. Hupigwa matwari, kaburi huzuriwa, kisha kila mtu hurudi kwao. Nami nimekwenda mara kadhaa, na kila nirudipo hujiuliza: ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kuwa mwenye kaburi lile alikuwa mwalimu, tena mwalimu wa masikini?

Marehemu Habib Swaleh bin Alawi Jamalil-Leyl alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Alikuja Lamu angali kijana, akasoma kwa masheikh wa mji ule, na mwishowe akafanya ndiyo kwao.

Lamu ya zama hizo ilikuwa mji wa daraja. Elimu ya juu ya dini ilikaa katika majumba ya mawe. Watumwa, wazao wao na wageni waliokuja kutafuta riziki hawakuhesabiwa kuwa watu wa kusomeshwa kwa kina. Tusisahau kuwa utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907.

Habib, naye ni sharifu mwenye nasaba yake, aliwaendea watu hao. Aliwasomesha, akakaa nao, akawatibu wagonjwa wao. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia, na lawama zikazidi alipoyaeneza maulidi ya Al-Habshi kutoka Hadhramaut, yasomwayo kwa matwari. Yeye hakugombana na mtu. Alikaa pembeni mwa mji, upande wa Langoni, katika kibanda cha udongo na makuti, akaendelea kusomesha. Hapo ndipo ilipochipuka Riyadha, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa msikiti na chuo. Waliotoka mbali walipata pahala pa kulala na chakula, kwa baraka ya waliojaaliwa kutoa. Wengi wao walirudi makwao wakafungua vyuo vyao wenyewe.

Naandika haya kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa utotoni. Tulikaa jamvi moja chuoni, na kwa hifadhi alinishinda mbali. Siku za kumpelekea mwalimu kitu chake, yeye alikuja mikono mitupu. Mwalimu hakumfukuza, bali haya zilimfukuza. Akaacha kuja. Na mwalimu wetu naye, aliyekuwa na watoto wa kulisha, aliacha kusomesha akenda kuvua samaki. Chuo kikafungwa.

Tangu hapo nimejua kwamba ufukara humtoa mwanafunzi kwa mlango mmoja na mwalimu kwa mlango wa pili. Habib aliifunga milango yote miwili: hakumfanya masikini aone haya, na waliomwamini hawakumwachia mzigo peke yake.

Alifariki katikati ya miaka ya 1930, na Riyadha ingali yasomesha. Lakini vyuo vingapi mitaani mwetu vina paa livujalo, na mwalimu asiyejua atakula nini jioni? Wasomaji wangu, tutakapofunga safari ya Lamu tena, kwanza tupite kwa mwalimu wa mtaa wetu, tumwulize hali. Nadhani marehemu angeipenda ziara hiyo kuliko ile ya kaburini.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe nasi moyo wake. Amin.