Tom Campbell Black: Rubani wa Nairobi aliyefia chini, na ndege iliyokataa kuoza

Hebu nikuulize kitu kabla hujakimbilia habari za mpira. Ni mashine gani kuukuu zaidi unayoijua ambayo bado inapiga kazi?

Huku kwetu Ikonge, Kaunti ya Nyamira, jibu langu ni rahisi. Kuna kisiagi cha mahindi kinachoendeshwa na injini ya Lister. Unaiwasha kwa kuzungusha chuma kwa mkono, inakohoa mara mbili tatu, kisha inaanza kudunda hadi unaisikia ukiwa ng'ambo ya mto. Anayeijua ni mzee mmoja tu, sisi humwita Omogaka. Ikigoma, anaitwa yeye. Akiwa mgonjwa, tunasubiri apone ndipo tule ugali.

Shika hapo kwanza, nitarudi kwa huyo mzee. Leo nataka nikusimulie kuhusu jamaa mmoja aliyewahi kuwa rubani mwenye jina kubwa kuliko wote Nairobi. Aliitwa Tom Campbell Black. Najua wengi wenu hamjamsikia. Mimi pia nilikuwa sijamsikia. Nilipokuwa Nairobi, kabla sijaacha chuo (hiyo ni hadithi ya siku nyingine), nilipanga chumba karibu na Lang'ata, na ndege za Uwanja wa Wilson zilinipitia juu ya kichwa kila asubuhi. Siku moja nikajiuliza, huyu Wilson ni nani? Nilidhani ni mzee fulani wa serikali ya mkoloni. Kumbe ni mama! Na nilipoanza kumfuata huyo mama, nikakutana na Tom.

Tom alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka wa 1899. Hesabu mwenyewe: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, alikuwa bado mvulana. Lakini vita vilikuwa virefu, vikamngoja akakua. Akajiunga na kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza, na kikosi hicho kilipounganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu mwaka wa 1918, akawa miongoni mwa marubani wa kwanza wa jeshi jipya la anga, RAF. Ndege za wakati huo zilikuwa mbao, kitambaa na waya. Ukikosea kidogo, umekwenda.

Nisikufiche kitu hapa. Miaka hiyohiyo, huku kwetu vita vilifika pia. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana mjini Kisii, na baadaye babu zetu wengi wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wale wa Kariokor. Tom alipewa mabawa, babu zetu wakapewa mzigo. Na vita vilipokwisha, yeye alikuja Kenya kama mlowezi, akapata kulima, wakati Mwafrika alitembea na kipande shingoni. Ni vizuri tulijue hilo tunapomsoma. Haimfanyi asiwe rubani mkali, lakini anga ya Kenya wakati huo haikuwa ya kila mtu.

Sasa, ukulima haukumkamata sana. Mtu aliyezoea kuruka hawezi kutulia akihesabu miche. Mwaka wa 1929 yeye na Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na pesa kiasi na moyo mkubwa kuliko pesa zake, walianzisha kampuni ya ndege Nairobi. Wakaiita Wilson Airways. Ilianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, ile ya mabawa mawili juu na chini, ambayo rubani anakaa wazi akipigwa na upepo usoni. Mama Wilson alileta mtaji, Tom akaleta ujuzi wa vitani. Akawa rubani mkuu na meneja.

Fikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Hakukuwa na rada wala minara ya kukuongoza. Barabara zetu wakati wa mvua zilikuwa tope tupu, safari ya gari ingekula siku kadhaa. Tom alibeba barua, wagonjwa na matajiri wa safari za kuwinda. Alisoma njia kwa macho, akifuata reli, mito na milima, na akitua popote palipokuwa na nyasi fupi.

Kuna visa viwili vya miaka hiyo ambavyo lazima uvijue.

Cha kwanza ni cha 1931. Rubani Mjerumani aitwaye Ernst Udet, mmoja wa marubani walioogopwa zaidi katika Vita vya Kwanza, alipotelea Sudan Kusini ya leo. Ndege yake ilitua kwenye vinamasi vya mto Nile, mafuta hakuna, chakula hakuna. Tom akaruka kumtafuta na akampata. Ona hapo: miaka kumi na mitatu tu nyuma, hawa wawili walikuwa pande mbili za vita ileile.

Cha pili ni cha mwanafunzi wake. Beryl Markham alikuwa binti aliyekulia Njoro akifunza farasi wa mashindano. Tom ndiye aliyemfundisha kuruka. Binti huyo akawa rubani wa kulipwa, akitafuta ndovu kutoka angani na kupeleka barua na dawa mashambani. Jina lake tutalikuta tena mbele.

Mwaka wa 1932 Tom aliondoka Kenya, akarudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Hapo ndipo ndege tunayoizungumzia leo inaingia.

Mwaka wa 1934 mji wa Melbourne, Australia, ulikuwa unajiandaa kusherehekea miaka 100. Mfanyabiashara wa peremende na chokoleti, Macpherson Robertson, akatoa pesa za mashindano: kutoka Uingereza hadi Melbourne, zaidi ya kilomita 18,000, na zawadi ya pauni 10,000 kwa mshindi. Kampuni ya de Havilland ikaunda ndege maalumu kwa ajili hiyo, DH.88 Comet. Mwenye hoteli ya Grosvenor House ya London akanunua moja, ikapakwa rangi nyekundu na kupewa jina la hoteli. Akawakabidhi Tom na mwenzake Charles Scott.

Ndege hiyo ilikuwa ya mbao. Ndiyo, mbao! Vipande vyembamba vilivyobandikwa kwa gundi hadi vikawa ngozi ngumu, laini kama yai. Injini mbili. Magurudumu yalikunjwa ndani kwa mkono, rubani akizungusha usukani mdogo hadi jasho limtoke. Na sasa sikia hii: propela zake zilihitaji hewa ili kukaa sawa kabla ya kuruka, na hewa hiyo ilijazwa kwa pampu ya baiskeli. Ileile anayotumia jamaa wa boda ya baiskeli pale sokoni.

Alfajiri ya Oktoba 20, 1934, ndege 20 ziliondoka Mildenhall. Kulikuwa na vituo vya lazima: Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Tom na Scott walipokezana usukani, usingizi wakiuiba vipande vipande. Walipokuwa juu ya bahari wakielekea Darwin, injini moja ikaanza kuleta shida ya oili. Ukiwa juu ya maji, usiku, na injini moja inakutisha, hakuna pa kuegesha. Wakaipunguza nguvu, wakaendelea. Walifika Melbourne wa kwanza, baada ya takriban saa 71. Meli ya abiria ilichukua wiki nzima nzima kufanya safari hiyo.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1936, mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa kwenye habari. Tarehe 4 Beryl Markham aliondoka Uingereza peke yake kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni njia nzima. Akaangukia kwenye matope Nova Scotia, Kanada, akiwa hai, mwanamke wa kwanza kuvuka kwa upande huo peke yake. Tom naye alikuwa anajiandaa kwa mashindano mapya, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Angepita tena juu ya Afrika aliyoijua.

Hakufika. Septemba 19, katika uwanja wa Speke, Liverpool, Tom alikuwa ndani ya ndege yake mpya akiisogeza polepole chini, akielekea kuruka. Ndege ya kivita ya RAF, Hawker Hart, ilikuwa imetua na inatembea uwanjani. Ikamgonga. Propela yake ikapasua mahali alipoketi Tom. Alikuwa na miaka 36.

Mtu huyu alipona vita, akapona vinamasi, akapona bahari na injini mbovu. Akafia kwenye nyasi, mwendo wa kutembea tu. Na mashindano ya Johannesburg yalipofanyika siku kumi baadaye, aliyeshinda ni Scott, mwenzake wa zamani, akiwa na rubani mwingine.

Ungedhani hadithi imeisha. Lakini ile Comet nyekundu bado ilikuwa na maisha yake.

Baada ya ushindi, jeshi la anga la Uingereza liliinunua ili kuifanyia majaribio. Ikapakwa rangi ya fedha, ikapewa namba ya kijeshi, K5084. Ikaharibika ikitua, jeshi likachoka nayo, likaiuza kama chuma chakavu. Mafundi wa Gravesend wakaiokota, wakaitengeneza upya. Novemba 1937 ikaruka hadi Cape Town kwa saa 45, na Machi 1938 ikaenda New Zealand na kurudi. Kisha vita vya pili vikaja, ikaachwa nje chini ya turubai. Mvua, baridi, panya. Mbao na maji unajua hawaelewani.

Waliookoa ndege hiyo wakati wa vita hawakuwa matajiri. Walikuwa vijana wanagenzi wa de Havilland, wa umri wako na wangu, waliokuwa bado wanajifunza ufundi. Baadaye ilipambwa kwa maonyesho makubwa ya 1951, ikining'inia bila kuruka. Mwaka wa 1965 ikapewa Shuttleworth, jumba la ndege kuukuu lililoko Old Warden. Hawa wana msimamo wao: ndege ni ya kuruka, si ya kupigwa vumbi.

Ukarabati ukachukua miaka na miaka. Na hapa ndipo utaelewa kwa nini kurudisha ndege angani si sawa na kuipaka rangi ikae jumba la makumbusho. Kila ubao unakaguliwa. Gundi ya zamani huchoka, na macho peke yake hayatoshi kukuambia kama kiungo bado kinashika. Spea hazipo dukani, kwa hivyo unachonga mwenyewe kwa kufuata michoro ya zamani. Na mwisho wa yote kuna binadamu atakayeketi ndani. Ukidanganya, atalipa yeye.

Mei 17, 1987, Comet ikapaa tena. Mwaka wa 2002 mguu mmoja ukavunjika ikitua, ikarudi karakana kwa miaka mingi, na Agosti 2014 ikaruka tena. Watu wanakwenda kwenye maonyesho ya ndege kuitazama na kusikia injini zake. Kiti alichokalia Tom bado kinapanda mawinguni.

Sasa turudi Ikonge. Kwa nini nakusimulia haya wewe ambaye pengine, kama mimi, huna digrii na jamaa zako wanakuuliza kila Krismasi utafanya nini na maisha?

Kwa sababu nilipokuwa nasoma kuhusu Comet nilijiuliza, ile Lister ya kisiagi ikifa pamoja na Omogaka, nani ataifufua? Michoro hatuna. Kila kitu kiko kwenye vidole vyake: sauti gani ni ya kawaida, sauti gani ni ya hatari, nati ipi hukazwi sana. Vijana tunapita pale tukielekea stejini tukimwona mzee mwenye nguo za mafuta tu. Ile Comet ilipona kwa sababu kila ilipotupwa, palitokea watu waliokubali kuchafuka mikono kwa kitu ambacho wengine walishakiita takataka.

Wiki iliyopita nilimwendea. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwambia nataka kuketi naye akifungua injini. Alinitazama viatu, akacheka, akanipa kitambaa nifute chujio la dizeli. Ndilo somo la kwanza. Jumamosi narudi, na nimeweka simu chaji kamili ili nirekodi kila kitu anachofanya.

Wewe mtaani kwenu yupo nani?