Karatasi Mbili za Andrew Carnegie

Somo: Luka 12:13–21, Mhubiri 4:8



Mwezi uliopita, baada ya maombi ya Jumatano, ndugu mmoja wa hapa kwetu alinisubiri pale mlangoni mpaka watu wakaisha. Ameniruhusu niandike haya bila kutaja jina lake. Amepata kazi Qatar. Mshahara wa mwezi mmoja kule ni karibu sawa na anaopata hapa kwa miezi mitano. Ana mke na watoto wawili, na yule mdogo bado hajaanza shule. Hakuniuliza kama aende au asiende. Hilo walikuwa wameshaamua na mkewe. Aliniuliza hivi: Pasta, nikae huko miaka mingapi?

Mnajua nilisomea mambo ya biashara kabla ya kuingia kwa huduma. Basi nikamjibu kama mtu wa biashara. Nikamwambia tupige hesabu: karo, deni la sacco, kumaliza nyumba, na mtaji wa kuanzia akirudi. Jumlisha, gawanya kwa kile utakachoweka kila mwezi, jibu litatoka. Tulipiga hiyo hesabu palepale kwa simu yake, ikatoka miaka mitatu na miezi kadhaa. Akafurahi, tukaomba, akaenda zake.

Mimi usiku huo sikulala vizuri. Nilimkumbuka mtu tuliyefundishwa habari zake chuoni. Naye alipiga hesabu ya namna hiyo, tena vizuri kuniliko mimi, na haikumsaidia. Nikaona kwamba jibu nililompa ndugu yetu lilikuwa nusu. Leo naandika ile nusu iliyobaki.

Mtu huyo ni Andrew Carnegie. Simleti hapa kama shujaa wa imani, maana sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa na mashaka na mafundisho ya kanisa. Namleta kwa sababu swali la ndugu yetu alijiuliza yeye mwenyewe, akaliandika, na jibu lake likabaki.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 katika mji wa Dunfermline, Scotland. Baba yake alikuwa fundi wa kufuma vitambaa vya kitani kwa mkono. Mashine za mvuke zilipoingia, kazi ya baba ikafa. Mwaka 1848 familia ilikopa pauni 20 za kuongezea nauli, wakavuka bahari hadi Allegheny, kando ya Pittsburgh, Marekani. Andrew alikuwa na miaka 12.

Muda mfupi baadaye aliingia kiwanda cha pamba, kazi yake kubadilisha vigurudumu vya uzi, kwa dola moja na senti 20 kwa wiki. Kutoka hapo akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu. Kijana alikuwa mwepesi. Alijifunza kusikiliza mlio wa mashine na kuuelewa kwa sikio tu, jambo ambalo wachache waliweza. Jumamosi alikuwa akienda kuazima vitabu kwa mzee mmoja, Kanali James Anderson, aliyewafungulia vijana wa kazi maktaba yake ya vitabu kama 400. Hilo Carnegie hakulisahau kamwe.

Mwaka 1853 Thomas Scott, mkubwa katika Reli ya Pennsylvania, alimchukua awe karani wake kwa dola 35 kwa mwezi. Miaka sita baadaye alikuwa msimamizi wa sehemu nzima ya reli kwa dola 1,500 kwa mwaka. Scott pia alimfundisha kununua hisa. Hisa za kwanza zilinunuliwa kwa pesa ambazo mama yake alikopa kwa kuweka nyumba rehani. Ulipofika mgao wa kwanza, dola 10, kijana alishangaa: pesa imekuja na hakuitolea jasho. Kufikia 1865 aliacha kazi ya reli, kwa maana mshahara ulikuwa umegeuka kitu kidogo sana kando ya faida za hisa zake.

Sasa sikilizeni kwa makini, hapa ndipo penye kisa.

Desemba 1868 Carnegie alikuwa na miaka 33. Alikuwa anakaa na mama yake katika hoteli moja kubwa ya New York, iitwayo St. Nicholas. Mwisho wa mwaka ukifika mfanyabiashara hufunga hesabu, naye akafunga zake. Mali yake ilikuwa imefika dola laki nne, na mapato ya mwaka huo yalizidi dola 56,000. Akachukua karatasi, akajiandikia.

Aliandika kwamba dola 50,000 kwa mwaka zinamtosha, na asijaribu kupata zaidi ya hapo. Kinachozidi kitumike kuwasaidia watu. Alijipa miaka miwili kupanga mambo yake, kisha akifika miaka 35 aachane na biashara. Aende Oxford akasome vizuri, maana shule aliiacha akiwa mtoto. Kisha akaandika jambo ambalo ungedhani ni la mhubiri. Alisema kila mtu ana sanamu anayoiabudu, na sanamu ya kukusanya mali ni mojawapo ya zile mbaya zaidi. Akakiri kwamba akiendelea muda mrefu kuwaza pesa tu, ataharibika kiasi cha kutopona.

Kanisa, huyu mtu alijihubiria. Alijua ugonjwa wake, akautaja jina, akajiandikia dawa na tarehe ya kuanza kuimeza. Lakini angalieni tena zile namba mbili. Alisema 50,000 zinatosha. Siku alipoandika hivyo, mapato yake yalikuwa 56,000. Alikuwa ameshapita. Ile miaka miwili haikuwa ya kutafuta kilichopungua, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimepungua.

Miaka 35 ilifika, ikapita. Oxford hakwenda kusoma. Mwaka 1872 aliona huko Uingereza namna mpya ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi, akarudi akiwaka moto. Mwaka 1875 kiwanda chake kikubwa cha Braddock kikaanza kazi. Mwaka 1883 akanunua kile cha Homestead. Mama yake alikuwa hataki aoe, naye akamwahidi kwamba hataoa wakati mama yu hai. Mwaka 1886 mama akafa, na mdogo wake Tom, mshirika wake katika biashara, alikuwa amekufa wiki chache kabla, wakati Carnegie mwenyewe yuko kitandani na homa ya matumbo. Mwaka uliofuata akaoa, akiwa na miaka 51. Mtoto wake wa pekee, binti, alizaliwa yeye akiwa na miaka 61.

Na kuna waliolipa zaidi yake. Katika viwanda vyake watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, wengi wao siku saba kwa wiki. Mwaka 1892 mkataba wa wafanyakazi wa Homestead ulipoisha, kampuni ilitaka kupunguza malipo na kuvunja chama chao. Carnegie aliiacha shughuli hiyo mikononi mwa mshirika wake Henry Frick, akasafiri kwenda kupumzika Scotland. Tarehe 6 Julai walinzi wa kukodiwa wapatao 300 waliletwa kwa mashua, risasi zikalia mchana kutwa, na watu wapatao 10 wakafa, wengi wao wafanyakazi. Ile hatari aliyoiandika mwaka 1868, kwamba pesa itamharibu, ilikuwa imefika mpaka kwenye nyumba za watu wengine.

Karatasi ya pili ilikuja mwanzoni mwa 1901. Tajiri wa benki, J. P. Morgan, alitaka kununua kampuni yote. Carnegie akaandika bei kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: dola milioni 480. Morgan akaitazama, akakubali. Carnegie alikuwa na miaka 65. Alikuwa amechelewa miaka 30 kwa miadi aliyoweka na nafsi yake.

Najua kuna mtu atanipinga hapa, na ana haki. Pasta, si baadaye alizitoa hizo pesa? Kweli, alizitoa. Alijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi nyingi, akimkumbuka yule mzee wa Jumamosi. Alinunulia makanisa vinanda zaidi ya 7,000. Alianzisha mfuko wa uzeeni wa walimu wa vyuo vikuu, na akajenga Jumba la Amani kule The Hague. Kufikia siku alipokufa, tarehe 11 Agosti 1919, alikuwa ametoa dola kama milioni 350, karibu asilimia 90 ya mali yake yote. Angeacha kazi mwaka 1870, maktaba hizo zisingekuwako. Siwezi kulifuta hilo, wala sitaki. Ila mtu anayefanya kazi saa 12 kila siku, hata ukimjengea maktaba nyuma ya nyumba yake, atasoma saa ngapi?

Nami sina mahali pa kusimama nimhukumu. Nilipomaliza chuo niliandikwa kazi katika kampuni moja ya mikopo. Nilikuwa nimeshasikia wito wa Mungu, lakini nikaandika kwenye shajara yangu: nikiweka laki tano, nitaacha nikamtumikie Bwana. Laki tano zilifika mwaka wa pili. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaandika milioni. Ilipokaribia, nikaandika ploti. Miaka sita ikaenda. Siku moja mke wangu aliiona ile shajara mezani, akasoma kurasa zote tatu, akaniuliza namba ya kweli ni ipi. Sikuwa na jibu. Mwaka huo niliandika barua ya kuacha kazi.

Turudi kwa Luka 12. Yule tajiri ambaye mashamba yake yalizaa sana, tumezoea kusema kosa lake ni uchoyo. Lakini hebu msome tena, uangalie anaongea na nani. Anawaza moyoni mwake. Anaiuliza nafsi yake, na nafsi yake inamjibu. Hakuna mke, hakuna jirani, hakuna mzee wa kijiji, na hakuna Mungu katika mazungumzo hayo. Hata kupumzika alikusudia kupumzika, baada ya kujenga ghala kubwa zaidi. Na Mhubiri 4:8 inamtaja mtu aliye peke yake, asiye na mwana wala ndugu, anayefanya kazi bila mwisho, na haulizi anajinyima kwa ajili ya nani.

Carnegie naye aliiandikia nafsi yake. Karatasi ile ilibaki katika makaratasi yake binafsi. Hapakuwa na mtu wa kumgonga bega siku alipotimiza miaka 35 na kumwambia, bwana, leo ndiyo ile siku. Mpaka uliojichorea peke yako usiku, utausogeza peke yako asubuhi, na hakuna atakayejua.

Basi nilimpigia ndugu yetu simu, nikamwomba aje na mkewe. Nikawaambia ile hesabu yetu ya mlangoni ni sahihi, lakini imekaa kama ile ya Carnegie: namba iko, shahidi hayuko. Tukaandika upya sisi watatu. Mke wake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema haitaji kujua nyumba itaisha lini. Anataka kujua huyu mdogo ataanza gredi ya kwanza baba akiwa wapi. Tukahesabu. Ni Januari, baada ya mwaka mmoja na miezi kumi. Ndugu yetu alisema wakati huo nyumba itakuwa bado haina mabati. Mama akajibu kwamba mabati yatapatikana wakiwa pamoja.

Hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa. Nakala moja anasafiri nayo, ya pili inabaki kwa mkewe, ya tatu iko ndani ya Biblia yangu hapo kwa Luka 12. Anaondoka mwisho wa mwezi huu. Siwaahidi kwamba atarudi siku hiyo. Huko atapandishwa cheo, ataongezwa mshahara, na kila nyongeza itakuja na sababu nzuri. Ninachowaahidi ni kwamba Januari hiyo simu yake italia, na mimi ndiye nitakuwa nimepiga.

Wewe unayesoma hapa, labda huendi Qatar. Labda ni duka, ni zamu za usiku, ni ile kazi ya Jumapili uliyosema ni ya muda tu. Uliandika nini mwanzoni? Umeshapita hapo? Wiki hii mwonyeshe mtu mmoja hiyo karatasi, mtu ambaye hataogopa kukuuliza.

Tuombe: Bwana, tunakushukuru kwa kazi na kwa mshahara. Utupe kujua kinachotosha, na utupe watu wa kutukumbusha tukisahau. Mlinde ndugu yetu njiani, umrudishe kwa watoto wake. Katika jina la Yesu. Amina.