Jane Austen: Alisema Ndiyo Jioni, Asubuhi Akasema La

Ukishafika miaka 27 bila pete, unajua vile kunakuwa. Kila harusi ya binamu, shangazi lazima akuvute kando akuulize wewe utatualika lini. Sasa tulia nikupe stori ya dada mmoja aliyepitia presha hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Jane Austen alizaliwa Desemba 16, 1775, kijijini Steventon, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa kasisi, watoto walikuwa wanane, na pesa zilikuwa za kuhesabu. Enzi hizo msichana wa tabaka lake hakuwa na kazi ya maana ya kumlisha. Kama huna urithi, unategemea mume, na ukimkosa unategemea kaka zako.

Akiwa na miaka 20, alicheza densi na kijana mmoja kwa jina Tom Lefroy, wakapendana. Lakini Tom hakuwa na kitu na Jane hakuwa na kitu. Jamaa za Tom wakamwondoa mapema, ikaishia hapo.

Kisha ikafika Desemba 2, 1802. Jane amebakisha wiki mbili tu atimize 27. Yeye na dadake Cassandra wamewatembelea marafiki zao huko Manydown, na kaka ya marafiki hao, Harris Bigg-Wither, anamwomba waoane. Harris ana miaka 21. Ni mrithi wa jumba kubwa na mashamba. Jane akakubali jioni hiyo.

Kulipokucha, alikuwa ameshabadilisha nia. Akamwambia Harris la, wakapanda gari la farasi yeye na dadake, wakaondoka.

Usidhani hilo lilikuwa jambo rahisi. Ile ndiyo iliyobebwa na Jane usiku mmoja ingempa yeye, Cassandra na wazazi wao mahali pa kuegemea. Na kweli, babake alipofariki 1805, Jane, mamake na Cassandra walianza kuishi kwa michango ya kaka zake, leo hapa kesho pale. Ni 1809 ndipo kakake Edward, aliyekuwa amelelewa na jamaa matajiri, akawapa nyumba Chawton. Harris naye alioa 1804, akapata watoto kumi.

Hapo Chawton ndipo Jane alipochapa kazi. Sense and Sensibility ilitoka 1811, Pride and Prejudice 1813. Hii ya pili aliiuza kwa pauni 110 tu, haki zote zikaenda.

Ukisoma vitabu hivyo, angalia umri. Emma ana karibu miaka 21, Knightley ana 37 au 38. Marianne wa miaka 17 anamwona Brandon wa 35 kama mzee aliyeisha, halafu anaolewa naye akiwa na 19. Elizabeth ana 20, Darcy 28. Mwanamume anaruhusiwa kuchelewa, msichana saa inampigia kelele.

Lakini mwangalie Charlotte Lucas. Ana miaka 27, umri uleule karibu wa Jane kule Manydown. Anaolewa na Collins, mdogo wake kwa miaka miwili, mtu asiyempenda, kwa sababu anataka nyumba yake. Jane hamcheki Charlotte. Alijua hesabu hiyo vizuri, maana aliwahi kuipiga mwenyewe usiku mzima. Na katika Persuasion, Anne Elliot wa miaka 27, aliyedhaniwa amepitwa, anapata mapenzi upya.

Jane mwenyewe hakuolewa. Alifariki Julai 18, 1817, akiwa na miaka 41. Alipokuwa hai, hakuna kitabu chake hata kimoja kilichotoka na jina lake kwenye jalada.

Siwezi kukuambia alichagua sawa au vibaya. Gharama aliijua, akailipa, na wenzake pia wakailipa. Shangazi akikuvuta kando tena, angalau ujue hilo swali lina umri mkubwa kukuliko wewe na yeye.