Van Gogh alijua rangi zake zitapauka

Wadau, ukimtafuta Vincent van Gogh kwenye intaneti lazima utakutana na kile chumba chake cha kulala chenye kuta za bluu. Sasa sikieni: kuta zile hakuzipaka bluu. Alipochora picha hiyo mjini Arles, Ufaransa, Oktoba 1888, zilikuwa zambarau. Nyekundu iliyokuwa kwenye mchanganyiko imekufa, ikabaki bluu peke yake. Mimi naona habari zake zianzie hapo, maana ya sikio mnaijua.

Jamaa alizaliwa Uholanzi mwaka 1853, mtoto wa mchungaji. Akauza picha dukani, akafundisha Uingereza, akahubiria wachimba makaa Ubelgiji, kote hakukukalika. Uchoraji aliuamua 1880, ana miaka 27. Mwanzoni alipaka rangi za udongo udongo tu. Picha yake ya wakulima wanaokula viazi, ya 1885, ina giza kama jiko la kuni. 1886 akamfuata mdogo wake Theo kule Paris, na huko ndiko rangi kali zilipomkolea.

Hela ilikuwa ya Theo. Vincent anaandika barua, anaagiza tyubu nyingi na kubwa, maana alikuwa anapaka nene hasa, brashi inaacha matuta.

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya kitani. Kinacholeta tofauti kubwa ni unga. Wa udongo mwekundu hukaa karne na karne. Ila nyekundu aliyoipenda yeye, geranium lake, ilitokana na eosini, dawa ya kiwandani ya miaka ya 1870. Inawaka kweli kweli, lakini mwanga ukiipata inakwenda. Njano yake ya kromu nayo zipo aina zinazogeuka kahawia, na mwaka 2011 wanasayansi walieleza sababu baada ya kuipima kwa eksirei.

Alijua? Alijua vizuri tu. Mwaka 1888 alimwandikia Theo kwamba rangi hizi hazidumu, akaona dawa ni kuzipaka kwa ukali zaidi, muda utazipoza wenyewe. Hapo mimi nampinga. Nyekundu ile haikupoa, iliondoka kabisa! Mei 1890, akiwa bado hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy (ambako daktari aliwahi kumnyima rangi kwa sababu alizimeza), alichora maua ya airisi mbele ya ukuta wa pinki. Picha iko New York, na ukuta sasa ni mweupe.

Alikufa 29 Julai 1890 kwa jeraha la risasi, miaka 37. Theo akafuata Januari 1891. Mjane wa Theo, Jo, alizitunza zile barua na kuzichapisha 1914. Humo Vincent anamtajia mdogo wake rangi moja moja, na ndiyo maana tunajua kuta za chumba kile zilikuwa zambarau.