W. E. Taylor na Uhawilishaji wa Hati za Kiswahili

William Ernest Taylor alizaliwa Uingereza mwaka 1856, akafika Afrika Mashariki mwaka 1880 akiwa mmisionari wa Kianglikana. Mahubiri yake hayakumbukwi sana. Kinachokumbukwa ni sikio lake.

Mjini Mombasa alisuhubiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa amefariki yapata mwaka 1840. Sikujua aliyaandika kwa hati ya Kiarabu, naye Taylor akayahawilisha katika herufi za Kirumi.

Kazi hiyo haikuwa ya kubadilisha herufi kwa herufi. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Tena katika miswada mingi ya zamani herufi ba ilisimama mahali pa b, p, hata mb. Msomaji, basi, ilimlazimu kulijua neno kabla ya kulisoma. Herufi za Kirumi nazo zina upungufu wake. Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo wa p ya neno la pili, na hutenganisha t ya meno na t ya ufizi. Taylor aliziwekea sauti hizo alama, kama ionekanavyo katika mkusanyo wake wa methali wa mwaka 1891. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, haikuzichukua. Kwa mahitaji ya shule, mwandishi wa makala haya hailaumu.

Taylor alifariki mwaka 1927. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka kutokana na karatasi zake.

Hivi majuzi, tukiwa Dakawa, tulitumiwa kwa kompyuta beti chache zenye alama za namna hiyo. Unikodi, mfumo uliotolewa kwanza mwaka 1991, una nafasi ya herufi hizo na za Kiarabu pia. Lakini njiani matini ilipitishwa katika mfumo wa zamani wenye nafasi 128 tu, na kila herufi isiyokuwamo ikageuzwa alama ya kuuliza. Kuirejesha katika Unikodi hakukufaa kitu, kwani sauti mbalimbali zilikwisha kuwa alama moja. Mzawa wa Mombasa angeweza kukisia. Mwanafunzi wa Dakawa asiyepata kukisikia Kimvita hana pa kuegemea ila maandishi. Ikatubidi tuombe picha ya ukurasa wenyewe.